Mrehani wa Mwanaisha

Amri ilifika Magomeni ya Mtwara Jumatatu asubuhi, na ilifika kwa miguu, maana baiskeli ya Mjumbe Thabiti ilikuwa haina mpira wa nyuma tangu mwezi wa tano. Alizipitia nyumba zake kumi moja moja, na kila mlangoni alisema maneno yaleyale: mvua zimetutupa mkono, unga tunaokula umeletwa na meli, mwaka huu ni wa kilimo cha kufa na kupona, kwa hiyo kila kipande cha ardhi kilicho wazi kilimwe chakula. Uani, mbele ya baraza, hata kando ya choo. Maua yang'olewe. Jumamosi Bwana Shamba atapita na daftari lake.

Nyumba tisa hazikuwa na cha kung'oa. Watu wake walikuwa wakipanda mihogo tangu enzi za babu zao, bila kuambiwa wafe wala wapone. Iliyobaki ilikuwa nyumba ya mzee Alawi, mlinzi wa lango la ghala la korosho, na mkewe Somoe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwanaisha. Mbele ya nyumba hiyo palikuwa na tuta la mirehani, hatua sita kwa nne, imefika magotini, imejaa vishada vya maua madogo meupe na nyuki wake. Ukipita hapo umevaa kanzu, harufu inakusindikiza hadi msikitini.

Somoe alikuwa amechutama akipunguza vishada vilivyozeeka kwa kucha. Mrehani ukiachwa uzae mbegu zake zote huchoka upesi. Ukipunguzwa kichwa kila wiki, ukapewa samadi ya mbuzi na maji yaliyooshea mchele, unakaa miaka na miaka. Aliisikiliza amri mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Mama Mwanaisha, si mimi," alisema Thabiti. "Ni amri."

"Kilimo cha nini, umesema?"

"Cha kufa na kupona."

"Basi. Kupona limeni nyinyi kwa mihogo yenu. Kufa nawalimia mimi. Hapo nimekosea wapi?"

Thabiti alicheka, kisha akakumbuka kwamba yuko kazini, akakohoa. Ukweli ni kwamba hakukuwa na harusi wala maziko mtaani yasiyopitia tuta lile. Maharusi walisukiwa rehani nywelini, na maiti walitandaziwa rehani juu ya jeneza, kisha matawi mabichi yakachomekwa kaburini. Somoe hakuuza hata jani. Hata ahsante hakuitaka, maana mama yake alimfundisha kwamba rehani haishukuriwi: aliyepewa humwagilia tuta kata moja ya maji, akaenda zake. Ramadhani iliyopita, mama yake Thabiti alipofariki, Thabiti alibeba rehani kwa mikono miwili, akarudi baada ya maziko kumwaga maji yake huku akilia.

Sasa aliangalia viatu vyake. "Jumamosi, Mama Mwanaisha," alisema, akaondoka.

*

Jumatano mzee Alawi alikuwa kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, nje ya duka la ushirika. Alipofika dirishani karani aliinua orodha juu kana kwamba anataka kuianika.

"Mzee Alawi! Nasikia kwako hamlimi chakula. Nyinyi mnakula maua?"

Foleni nzima ilicheka. Alawi naye alicheka, kwa kuwa mtu mwenye kikapu kitupu hana budi kucheka anapochekwa.

"Cheka tu," alisema karani. "Jumamosi ukikosekana kwenye daftari la Bwana Shamba, na hapa utakosekana."

Alirudi nyumbani na kilo zake tatu, akaziweka jikoni taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Somoe alikuwa akipepeta mchele wa mwisho.

"Mama Mwanaisha, tung'oe."

"Jembe liko nyuma ya mlango."

"Si mimi niliyeamua."

"Sijasema ni wewe. Nimesema jembe liko nyuma ya mlango. Anza na ule wa katikati. Ndio niliotoka nao kule."

Kule ni kijiji chao cha zamani, karibu na pale Ruvuma unapoingia baharini. Mwanaisha, mtoto wao wa pekee, alizikwa kule baada ya kufa katika uzazi, yeye na kichanga chake kaburi moja. Mwaka uliofuata malori yalikuja kuwahamishia wote kwenye kijiji kipya. Malori yalichukua vitanda, vinu, kuku na milango, lakini makaburi hayakuwa kwenye mpango. Somoe alikata matawi matatu ya mrehani uliokuwa juu ya kaburi la mwanawe, akayafunga kwenye kitambaa kibichi, na badala ya kijiji kipya wakaja mjini kwenye nyumba aliyoiacha kaka yake Alawi. Matawi mawili yalikufa. Mirehani yote iliyokuwa mbele ya nyumba ilikuwa imetokana na lile la tatu.

Alfajiri ya Alhamisi Alawi alichukua jembe. Somoe alilala macho wazi akilisikiliza jembe likigonga udongo, tap, tap, kwa muda mrefu, wala hakutoka. Kulipokucha alichungulia. Mumewe alikuwa amepalilia tuta zima, amerudishia udongo mashinani, na magugu ameyapanga pembeni mafungu mafungu. Mirehani haikuwahi kupaliliwa vizuri vile.

"Nimeanza na magugu," alisema Alawi, akaenda kazini.

*

Bwana Shamba aliitwa Yohana. Alikuwa kijana wa bara, mwezi wa tatu tu tangu aletwe Mtwara, amevaa kaptula na soksi ndefu, na aliipenda kazi yake kwa dhati, jambo ambalo ni la hatari kwa mtu yeyote mwenye daftari. Alikuja na Mjumbe Thabiti nyuma yake. Nyumba tisa zilikuwa zimeshapata alama ya vema. Somoe alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Yohana alilikagua tuta. Alipenda lilivyopaliliwa. "Kazi safi hii, mzee. Ni nini?"

Alawi alikuwa amepanga maneno yake tangu Alhamisi: Bwana Shamba, tunaomba muda. Lakini alipofungua mdomo aliona karani, aliona orodha, akaisikia foleni ikicheka.

"Mboga," alisema.

"Mboga?"

"Mboga. Ya kienyeji."

"Sijawahi kuiona. Mnaipikaje?"

Alawi hakuwahi kupika chochote maishani mwake. Alimtazama Thabiti. Thabiti, mwenye vema tisa mkononi na moja akiitamani, alitazama juu kuangalia kama kuna mawingu.

"Kwa nazi," alisema Alawi.

Yohana alichuma jani, akalitafuna. Machozi yalimlenga. "Ina nguvu!"

"Sana."

"Na ukame je?"

"Haijali ukame."

"Wadudu?"

"Hawaigusi."

"Mkiivuna?"

"Inachipua. Inakaa miaka."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu, na ndiyo yaliyomponza. Uongo mmoja uliozungukwa na ukweli wa kutosha husimama imara kuliko nyumba ya mawe. Yohana aliandika ukurasa mzima. "Mzee, nyinyi watu wa pwani mna hazina, mnaificha tu," alisema, akampa mkono.

Walipoondoka Somoe aliendelea kusimama pale mlangoni.

"Umemfanya mwanangu mboga."

"Nimemficha tu, Mama Mwanaisha. Kwani huko ng'ambo ya Ruvuma si watu walifichwa na jirani zao vita vikiwapita?"

"Haya. Muombe Mungu asitokee mwenye njaa."

*

Mwenye njaa alitokea baada ya wiki mbili, na alikuwa mkubwa. Yohana alikuja mbio na barua mkononi. Ripoti yake ilikuwa imesifiwa juu. Mgeni rasmi anakuja Alhamisi kukagua kilimo mjini, na atakula chakula cha mchana na wakulima wa mfano. Mboga itakayopikwa, kwa watu sitini, itatoka kwa mzee Alawi.

"Sitini," alisema Alawi. "Yote, basi?"

"Mzee, si ulisema inachipua?"

Somoe alipiga hatua mbele. "Bwana Shamba, mwanangu, hii si..."

Alawi alikohoa kikohozi cha mtu anayezama. Somoe alimtazama, akamwona alivyozeeka ghafla, na maneno aliyoyatoa yakawa mengine. "Hii si ya kukatwa ovyo. Nitaikata mwenyewe, kwa kisu, vidole viwili juu ya shina. Ikikatwa chini ya hapo inakufa."

"Mama ni mtaalamu!" alisema Yohana, akaandika na hilo.

Jioni Somoe alikwenda kwa Thabiti. Alimkuta barazani na mkewe Zuhura, ambaye ndiye aliyeteuliwa kuongoza akina mama wa chama katika upishi.

"Mjumbe, kamwambie ukweli yule kijana. Wewe utasikilizwa."

"Mama Mwanaisha, juzijuzi yalikuwa maua. Sasa yako kwenye ripoti, ni mboga. Ukisema si mboga, mzee Alawi amemdanganya Bwana Shamba, mimi nimeona nikanyamaza, Bwana Shamba amewadanganya wakubwa zake, na wakubwa zake wamemdanganya mgeni. Utafunga watu wangapi kwa fungu la majani?"

"Na mama yako, aliyelala chini ya majani hayohayo?"

Zuhura alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Kata vidole viwili juu ya shina," alisema Thabiti mwishowe. "Itachipua, Mama Mwanaisha. Nitakuja kumwagilia mwenyewe."

*

Alhamisi Somoe aliamka mapema akaenda bombani, kwa kuwa mrehani uliokatwa unataka maji papo hapo. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu. Aliporudi na ndoo kichwani aliona alama za magurudumu mbele ya baraza.

Vijana wa chama walikuwa wamekuja na lori, wanne, na magunia. Waliambiwa leteni mboga, na kila mtu anajua mboga ya majani inavyovunwa: mchicha hushikwa shinani, hung'olewa na mizizi yake, hukung'utwa udongo, hufungwa mafungu. Walifanya kazi hiyo kwa uangalifu kabisa. Hata jani moja halikubaki chini. Palikuwa na mashimo thelathini na mawili, na la katikati lilikuwa kubwa kuliko yote.

Somoe alishusha ndoo. Alichota kata moja akamimina kwenye shimo la kwanza, kata nyingine kwenye la pili, akaenda hivyo hadi maji yakaisha, na alikuwa akilia kwa sauti kama alivyolia siku ile kule.

Kisha alijifunga kanga akatembea hadi ofisi ya chama, angalau apate mzizi mmoja. Alichelewa. Nyuma ya ofisi moto ulikuwa umeshika, mizizi na vikonyo vimeshatupwa motoni, na majani yamekatwakatwa laini yanachemka kwenye tui katika masufuria manne. Zuhura alipomwona aliangusha mwiko.

"Nisamehe, Mama Mwanaisha. Nimeambiwa nipike."

"Pika," alisema Somoe, akakaa kwenye mkeka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa namna ambayo Bwana Shamba hakuiandika. Rehani mbichi harufu yake husikika karibu. Rehani inayochemka katika masufuria manne ilitanda Magomeni nzima. Watu walisikia harufu ya maziko. Walipochungulia waliona wanawake wengi kwenye mikeka, masufuria makubwa ya wali, na moshi. Mwenye bao akaacha bao, mwenye duka akafunga duka.

Mzee mmoja alisimamisha baiskeli. "Jeneza linatoka saa ngapi?"

"Hakuna jeneza, babu."

"Hakuna vipi, na harufu hii?"

Bibi wawili walitoka mtaa wa Shangani kwa miguu, wameshajitanda kanga hadi kichwani, wakaingia wakilia kabla hawajajua wanamlilia nani. Mmoja alimwinamia Zuhura. "Nani mwenye msiba?"

Zuhura alimtazama Somoe, aliyekaa macho mekundu, mikono yote udongo. Yule bibi alifuata macho yale, akajua mwenyewe. Alikwenda akapiga magoti.

"Pole, mama. Ni nani wako?"

"Mwanangu," alisema Somoe.

"Mungu amrehemu. Mkubwa?"

"Miaka kumi na tisa."

"Pole sana, mama."

Mwenzake naye akampa mkono, na baada yao wengine waliokuwa wakiingia, mmoja mmoja, maana foleni ya kupeana pole haihitaji kuelezwa. Somoe aliwapokea wote. Mwaka ule wa kule watu walikuwa wanahesabiwa kaya na kupangiwa malori, na waliokuja kumpa pole walikuwa wachache, tena wakiwa wamesimama. Sasa alipewa pole yote na mtaa mzima, nyuma ya ofisi ya chama, huku mwanawe akichemka kwenye nazi. Alisema "tumeshapoa" mara nyingi, na kwa mara ya kwanza alihisi ni kweli kidogo.

*

Mgeni rasmi alifika saa saba na nusu. Alikuwa mtu wa pwani, mweusi mnene mwenye sauti nzuri, japo cheo kilikuwa kimemkalisha bara miaka mingi. Aliketi katikati, Bwana Shamba kulia kwake, mzee Alawi kushoto katika koti la kuazima. Sahani ilikuja. Yohana alifunua kawa kwa fahari.

Harufu ilimpiga mgeni usoni. Alimtazama Yohana, akaona uso wa kijana unaong'aa. Alimtazama Alawi, akaona uso wa mzee anayeomba ardhi ipasuke. Mpiga picha alikuwa ameshapiga goti moja. Mgeni rasmi alitia mkono kwenye sahani, na pale mtu anaposema bismillahi, yeye lilimtoka jingine: "Inna lillahi." Wazee wa pwani waliokuwa mezani walimalizia kimoyomoyo, kila mmoja akiangalia sahani yake.

Alikula matonge matatu, na taa ya kamera ikamulika. Yohana alikula sahani mbili.

Katika hotuba mgeni alisema kwamba mboga hii ni mfano wa hekima ya wazee wetu. Hakusema uongo. Aliagiza kwamba mvua zikianza kila nyumba ipande mashina ishirini. Kisha akageuka kwa mzee Alawi, akampa cheti kilichopigwa mihuri miwili, na akasema familia inayojitegemea kiasi hiki ni aibu kuiona kwenye foleni ya unga. Watu walipiga makofi. Karani wa duka la ushirika alipiga kuliko wote, na kesho yake asubuhi alikata jina la Alawi kwenye orodha kwa rula.

*

Cheti kilitundikwa ukutani, maana kukivua kungeleta maswali. Alawi alipanda mihogo kwenye mashimo, yote isipokuwa la katikati. Chakula kilikuwa muhogo mkavu wa kununua na samaki wa kubahatisha, na mara mbili kwa wiki Zuhura alipita na kibaba cha yanga chini ya kanga, akakiacha jikoni bila neno. Mtu wa kuandikiwa ripoti nzuri asikose jirani mwenye jina kwenye orodha.

Njaa Alawi angeivumilia. Kilichomkondesha kilikuwa kingine. Tangu Alhamisi ile Somoe hakumwita tena Baba Mwanaisha. Alimwita mzee Alawi, kama wanavyomwita watu wa barabarani. "Mzee Alawi, chakula tayari." "Mzee Alawi, koti la watu limerudishwa?" Alisema kwa upole, bila hasira, na kila mara mumewe aliitikia akiwa ameshika mlango, asijue aingie au atoke.

Jioni moja alijaribu. "Niliogopa, Mama Mwanaisha."

"Najua."

"Nilidhani namficha."

"Najua, mzee Alawi. Kula, chakula kinapoa."

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na mbili, na pamoja nayo akaja Yohana na daftari. Alikuwa ameagizwa kugawa miche ya ile mboga, mashina ishirini kila nyumba, na mtaa mzima ulikuwa unamsubiri. Alisimama mbele ya tuta akaona mihogo.

"Mzee, mbegu iko wapi?"

"Mliila," alisema Alawi. "Mliila na mizizi yake."

Yohana aliketi barazani. Hapo Alawi, ambaye aliogopa karani, aliogopa daftari na aliogopa cheti chake mwenyewe, aliona kwamba hana tena kitu cha kupoteza, na hali hiyo ilimpa raha ya ajabu.

"Bwana Shamba, ile si mboga. Ni rehani. Tunawapambia maharusi na kuwatandazia maiti. Ilitoka juu ya kaburi la mwanangu. Nilikudanganya kwa sababu ya kilo tatu za unga."

Kijana alifunga daftari. "Nilikula sahani mbili," alisema.

"Niliona."

"Mzee, ungeniambia tu. Ningeandika hata bamia." Alishika kichwa. "Nimeshapendekeza kwa mkoa mzima. Sasa nikiandika ukweli..."

"Eee," alisema Alawi. "Sasa umejua nilivyosikia mimi."

*

Ijumaa moja, mvua zilipokolea, alizikwa mzee mmoja wa msikitini, na alizikwa bila rehani, jambo lililosemwa njia nzima. Baada ya maziko Thabiti alipita kwenye kaburi la mama yake kumwaga maji, kama alivyofanya kila Ijumaa, na Alawi alimfuata nyuma. Alipofika alisimama kama aliyeitwa jina.

Tawi lililochomekwa Ramadhani lilikuwa limeshika. Mrehani ulikuwa umefunika kaburi zima, umefika magotini, umetoa maua. Alawi aligeuka. Kaburi la pili pia. Kule kwenye kona, kaburi la mtoto wa fundi cherehani, pia. Popote Somoe alipotoa fungu katika miaka ile, na jamaa wakakumbuka kumwaga maji, mvua ilikuwa imeamsha kichaka. Makaburi yalinukia harusi.

"Thabiti," alisema Alawi. "Niruhusu tawi moja. Ni la mama yako."

"Ni la mwanao," alisema Thabiti. "Niliona haya kusema, nimemtunzia tu."

Jumatatu Bwana Shamba naye alikwenda, na magunia, na wale vijana wanne, safari hii kila mmoja na kisu. Alawi aliwasimamia kama jemadari: vidole viwili juu ya shina, na kila unapokata mwaga maji. Walipata miche ya mtaa mzima na ikabaki. Yohana alifungua daftari akasita kwenye safu ya chanzo cha mbegu. Alifikiri, akaandika: shamba la pamoja, Magomeni. Wala hakukosea sana, kwa kuwa hapakuwa na shamba jingine mjini ambalo kila mtu alipewa eneo sawa na mwenziwe, na hakuna aliyetoroka kazi.

Hadi masika nyumba zote zilikuwa na mashina ishirini kwa amri. Daftari lilionyesha asilimia mia moja. Hakuna aliyeonja hata jani, na hakuna bibi harusi wala maiti aliyekosa.

Lakini siku ile ya Ijumaa, kabla ya yote hayo, Alawi alirudi nyumbani amebeba tawi moja katika leso aliyoilowesha. Somoe alikuwa barazani. Harufu ilimfikia kabla ya mumewe kufika, akasimama.

"Umetoa wapi?"

"Kwa mama yake Thabiti. Na wako wengi kule. Kila uliyempa anao."

Somoe alilipokea tawi kwa mikono miwili. Alilinusa, akafumba macho, akakaa hivyo. Kisha alichutama kati ya mihogo, akaliweka kwenye shimo la katikati, akalizungushia udongo kwa vidole, taratibu, kama anayemfunika mtu asiamke. Alawi alisimama pembeni. Hakujua aondoke au abaki.

Somoe alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Baba Mwanaisha," alisema, "nipe kata ya maji."